Maua ya mikorosho kupukutika: si yote ni ugonjwa

Dada wa Newala, unauliza kwa nini mikorosho yako imejaa maua lakini mengi yanakauka na kudondoka. Usiogope kwanza. Shada moja lina maua ya aina mbili: ya kiume, ambayo ndiyo mengi, na yenye jinsia zote mbili, ambayo ndiyo pekee yanayoweza kutoa korosho. Ya kiume yakishatoa chavua, kazi imekwisha, yanaanguka. Hata hayo mengine, mengi hayashiki, na mti huangusha pia baadhi ya korosho changa. Inayobaki hukua yenyewe kwanza. Bibo, lile tunda laini linaloshika korosho, huvimba baadaye.

Lakini litazame shada kwa karibu. Ukiona unga wa kijivu na maua hayafunguki, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Salfa ipulizwe mapema, maua yakianza kuchomoza, alfajiri pasipo upepo. Shada likishaungua umechelewa. Madoa meusi kwenye vikonyo laini yawezekana ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu, na huyo salfa haimfanyi kitu. Dawa yake muulize bwana shamba au TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara (majirani wana majibu mengi mno), na usipulize nyuki wakiwa mauani, maana hao ndio wanaokusaidia maua yashike.