Madogo wa mitambo, hiyo taa nyekundu sio pambo

Madogo zangu mnaoanza kazi ya mitambo ya muziki, kila msimu wa harusi naletewa twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zimeungua na maelezo ni yaleyale, "bro hizi spika feki". Zipo feki kweli, ila nyingi zinauliwa na mkono ulioko kwenye mixa.

1. Kuklipu. Hapa ntakaa sana maana ndo inawamaliza. Juzi kwenye sendofu moja dogo kaleta spika mbili ukumbi mkubwa, MC anadai sauti, anaongeza, DJ nae kontrola yake nyekundu tupu, taa nyekundu ya klipu kwenye amp (amplifaya) inawaka haizimi. Namwonyesha ananijibu amp ni wati 300 na spika inabeba 500 so haiwezi kuungua. Hesabu hiyo ndo inayoua! Amp ikifika mwisho wa nguvu zake inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, ndo kuklipu huko, na ikizidishiwa kabisa inaweza kutoa karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa, halafu makali yanayozaliwa hapo yanapita krosova (kile kinachogawa sauti kati ya besi na twita) yanaingia kwenye twita ambayo koili yake ni uzi tu wa waya. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia kwenye spika unaishia kuwa joto. Kabla keki haijakatwa twita ya kulia ikanyamaza, dogo akapandisha trebo kufidia, ya kushoto nayo ikafuata, mama wa bibi harusi anashukuru wageni na meza za nyuma hawaambulii neno. Iliniuma sana. Kesho yake tukaifungua, koili nyeusi, vanishi inanuka, waya umekatika. Shusha geini (nguvu ya sauti inayoingia), na ukumbi ukiwa mkubwa mwambie mwenye shughuli mapema kwamba spika mbili hazitoshi.

2. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata 4, nne unapata 2. Soma nyuma ya amp kama inabeba hiyo.

3. Wati za piki (za kufumba na kufumbua) sio RMS (za kubeba mfululizo). Spika nyingi piki wameandika mara nne ya RMS, we fanya hesabu na RMS.

4. Besi za boksi lenye tundu wekeni hai-pasi jamani, ile inayokata sauti za chini kabisa. Chini ya toni ya boksi, yaani sauti ambayo tundu lake limepangiwa, hewa haiishikilii tena koni, inaruka mpaka koili inagonga chuma cha nyuma, ukisikia tak tak shusha saa hiyohiyo usisubiri wimbo uishe.

5. Kuwasha, mixa kwanza amp mwisho. Kuzima, amp kwanza, mshindo usifike kwenye spika. Na maiki yenye fantomu (umeme unaotoka kwenye mixa kwenda kwenye maiki) usichomoe bila kumyuti chaneli, kuna kanisa nawafanyia matengenezo ule mshindo wanaupiga kila Jumapili.

6. Spika ikifa usikimbilie kuchomeka nyingine, amp iliyoharibika inaweza kutoa DC (umeme mnyoofu kama wa betri) ikaiua na hiyo. Chomoa spika, pima amp kwanza kwa mita. Kisha pima spika, koili nzima ya omu 8 inasoma kama 6 hivi, isiposoma kitu waya umekatika. Ikisoma vizuri bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote sawasawa, ikikwaruza ipeleke kwa fundi wa kusuka koili.