Bata Mzima Hupimwa Nini?

SWALI: Hapa Uvinza, Kigoma, wataalamu wa mifugo walipima bata wangu 10 kati ya 40. Wote wazima. Majibu yametoka: hakuna virusi vya mafua ya ndege. Kwa nini bata wasioumwa? Na sasa niwaachie washuke Mto Malagarasi?

JIBU: Bata hupimwa kwa sababu ugonjwa mara nyingi hauonekani kwake. Kuku akipata H5 kali, yaani aina hatari ya virusi vya mafua ya ndege, hufa ndani ya siku chache, kila mtu anajua. Bata wengi hubeba virusi hivyohivyo huku wanakula na kuogelea, wakivimwaga kwa kinyesi na mate. Ndiyo maana kila mmoja hupanguswa kwa kijiti kooni na kwenye tundu la kinyesi. Kuruka koo ni kosa kubwa, kwani H5 nyingi za miaka hii hutoka zaidi kinywani.

Majibu yako yanahitaji hesabu. Tuseme bata wanne kati ya 40 wana virusi. Ukikamata 10 bila kuchagua, uwezekano wa kuwakosa wote wanne ni 30 kwa 100. Ukikamata 20, hushuka hadi 5 hivi. Kwa hiyo "hakuna" ni habari ya bata wale, siku ile. Mtoni usiwapeleke, tafadhali. Ardhioevu ya Malagarasi hupokea ndege wa majini wanaohama, na Januari 2017 H5N8, mojawapo ya virusi vya H5, ilipatikana Uganda, upande wa Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na kwa bata na kuku wa kufugwa. Wachimbie kidimbwi uani, uwalishie bandani.

SWALI: Sampuli zetu za bata wa Kaliua, Tabora, zilikaa siku 6 kwenye friza la nyumbani. Bado zinafaa?

JIBU: Hatuziamini. Friza hilo, nyuzi -20, hugandisha polepole, na umeme ukikatika huyeyusha. Virusi huharibika, maabara inasoma "hakuna". Tena friza la chakula lisiguswe kabisa! Sampuli zikae kwenye boksi la barafu, nyuzi 2 hadi 8, zifike ndani ya saa 48. Ikishindikana, nyuzi -80 au mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, usiwe ule wa kuhifadhia mbegu za kupandikizia ng'ombe. Vijiti vya kupangusia viwe vya plastiki vyenye ncha ya poliesta. Mti na pamba huvuruga kipimo. Mnaweza kuweka vijiti vitano chupa moja, ila koo kwa koo, kinyesi kwa kinyesi. Kapimeni upya bata walewale.