Kabla ya kuchagua chuo Urusi, usome mji kwanza

Vijana wanaopata ufadhili wa kusoma Urusi huniuliza: chuo gani kizuri? Nami huwauliza: kipo mji gani, na mji huo uko kwenye mto gani? Sifanyi mzaha. Nchi ile ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 17, yaani Tanzania kama 18 hivi, na kanda 11 za saa. Ukisema "naenda Urusi" bado hujasema unakwenda wapi.

Mimi nilisoma Voronezh, kilomita kama 500 kusini mwa Moscow, mji uliozoea wanafunzi wa Kiafrika tangu miaka ya 1960. Ukifika unakuta maji mapana yameugawa mji mara mbili. Upande wa kulia, palipoinuka, ndiko katikati ya mji. Upande wa kushoto kuna viwanda na maghorofa ya wafanyakazi. Maji yale ni bwawa lililojazwa mwaka 1972 kwenye mto Voronezh, mto uleule ambao Peter Mkuu aliundia meli zake mwaka 1696 akaenda kupigana na Waturuki huko Azov. Na tangu Julai 1942 hadi tarehe 25 Januari 1943, mto huo ndio ulikuwa mstari wa mbele: Wajerumani kulia, Jeshi Jekundu kushoto. Upande wa kulia ulibomolewa karibu wote, kwa hiyo majengo mengi ya katikati unayodhani ni ya kale yamejengwa au kujengwa upya baada ya vita. Mabibi wanaolinda milango ya mabweni, wale ambao kila mwanafunzi mgeni huwaogopa, hulainika ukiwauliza habari za tarehe 25 Januari. Mimi nilikunywa chai na jemu nyingi sana kwa njia hiyo, na Kirusi changu kilipanda haraka kuliko pale podfak, kozi ya lugha ya mwaka wa maandalizi.

Majina nayo yana mitego yake. St. Petersburg ilianzishwa mwaka 1703, ikawa Petrograd mwaka 1914, Leningrad mwaka 1924, ikarudia jina la kwanza mwaka 1991. Lakini mkoa unaouzunguka mji haukubadilishwa: mpaka leo ni mkoa wa Leningrad, na kiserikali mji na mkoa ni vitu viwili tofauti. Ukiona tangazo la chumba cha bei poa "mkoa wa Leningrad", pima kwanza umbali. Huenda utakuwa unapanda elektrichka, treni ya mikoani, kila alfajiri. Yekaterinburg ni vivyo hivyo: mji ulirudia jina lake mwaka 1991, mkoa ukabaki Sverdlovsk. Pale Moscow, stesheni nyingi zina jina la kule treni zinakoelekea, ndiyo maana treni ya St. Petersburg huondokea Stesheni ya Leningrad. Halafu kuna Rostov mbili. Moja ni mji mdogo wa kale, kilomita kama 200 kaskazini mashariki mwa Moscow. Nyingine, Rostov-na-Donu, ni jiji kubwa la kusini, kilomita kama 1,000. Soma tiketi yako mara mbili.

Siberia ina kisa ninachokipenda. Tomsk ni mji wa mwaka 1604, na ndio uliopata chuo kikuu cha kwanza cha Siberia, kilichoanza kufundisha mwaka 1888. Reli ya kwenda Vladivostok ilipopimwa, wahandisi walitafuta mahali ambapo mto Ob ni mwembamba na chini pana mwamba wa kubebea daraja. Walipapata kusini zaidi, Tomsk ikaambulia tawi la reli tu, la kilomita kama 80. Kambi ya wajenzi wa daraja lile, iliyoanza mwaka 1893, leo ndiyo Novosibirsk, jiji la tatu kwa ukubwa Urusi. Kwa mwanafunzi, hasara ile ya Tomsk mimi naiona faida: mji umebaki wa wasomi, mdogo, kila kitu karibu. Anayetaka kelele za jiji aende Novosibirsk.

Baridi sitaisemea sana. Nunua viatu hukohuko, na ujue kwamba ndani ya nyumba ni joto hata utavaa fulana.

Waislamu wengi huvutiwa na Kazan, mji mkuu wa Tatarstan. Wana sababu: Uislamu ulipokelewa ukanda ule wa Volga tangu mwaka 922, na msikiti wa Kul Sharif, uliofunguliwa mwaka 2005, umesimama ndani ya ngome ileile ambayo Tsar Ivan wa Nne aliiteka mwaka 1552. Chakula cha halali kipo. Lakini Tatarstan si Kazan peke yake. Kilomita kama 200 mashariki upo mji wa Yelabuga, na jirani yake eneo la viwanda la Alabuga, ambako shirika la habari la AP liliripoti mwaka 2024 kwamba wasichana wa Kiafrika walioahidiwa kazi na mafunzo walijikuta wakiunda droni za kivita. Aprili mwaka huohuo droni za Ukraine zilipiga hapo.

Hata Voronezh yangu siipendekezi kwa sasa. Mkoa wake unapakana na Ukraine, na uwanja wake wa ndege ulifungwa Februari 2022. Kwa hiyo anayekupa nafasi mwombe jina la mji na mtaa, asikuishie kwenye jina la mkoa. Fungua ramani, upime kutoka hapo hadi mpakani, kisha umtafute mwanafunzi wa kwetu aliyepo mji huo wiki hii, si mimi niliyeondoka zamani.