Papa fundi, kwa nini freni ilinipotea Ngomo?

SWALI: Papa fundi, jambo. Ninaendesha Hiace ya abiria, Bukavu mpaka Kamanyola. Juma lililopita nikiteremka Ngomo, gari limejaa, pedali ya freni ilizama mpaka chini. Nililisugua gari kwenye ukingo wa mlima ndipo likasimama. Tulipumzika karibu saa nzima, freni ikarudi kama kawaida! Garajini wananiambia ninunue plakete mpya, vile vibao vya freni vinavyobana diski. Ninunue?
Dereva, Panzi

JIBU: Pole sana mwanangu, na abiria wako pia. Plakete usikimbilie. Zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu ila gari halishikiki. Yako ilizama, ikapoa, ikarudi. Hayo ni mafuta ya freni yaliyochemka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni za freni.

Tunayaita mafuta, lakini yanakunywa maji kutoka hewani. DOT 4, aina ya mafuta ya freni, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji karibu asilimia 4, inaweza kuchemka kwenye 155 tu. Ndiyo maana ninakataa kopo lililokaa wazi rafuni, hata likiuzwa nusu bei. Mwaga yote ya zamani, weka mapya, toa hewa magurudumu yote manne, kisha urudie kila miaka miwili.

Sasa mguu wako. Hiace yenye tani mbili na nusu ikishuka mita 500, nguvu ya uzito huo wote inageuka joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji baridi. Ukiiachia freni peke yake kazi hiyo, itapikika. Ingiza vitesi ya pili ukiwa bado juu, kabla ya kona ya kwanza, injini ikuzuie. Ukingoja harufu ya kuungua umechelewa. Na wale wanaoachanisha vitesi ili kuokoa mazuti, ninawaomba kwa moyo wote waache. Wamebeba mama za watu.

Jambo moja zaidi. Asubuhi, gari likiwa baridi na injini inawaka, kanyaga pedali uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, mipira ya silinda kuu, ile pampu inayosukuma mafuta ya freni, imechoka, na hapo usitoke Panzi.