Maswali yenu wiki hii: Java moja, kompyuta za kila aina

Fundi, shikamoo. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Masasi. Kijana wetu ametutengenezea programu ya kupokelea korosho kwa Java, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptopu yake ya Linux. Kompyuta ya ghalani ni ya Windows. Anasema faili lile lile la .jar, yaani programu ikiwa imefungashwa, litafanya kazi bila kubadilisha kitu. Nimwamini?

Marahaba. Mwamini, ila mjaribu kabla msimu haujafunguliwa.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, haijui Java. Alichoandika kijana kinapita kwenye kompaila, programu ya kutafsiri, na kutoka kikiwa baitikodi, yaani maagizo ya mashine ya kufikirika. Hiyo ndiyo mashine pepe. Windows ina yake, Linux ina yake, Mac ina yake, na kila moja huyageuza maagizo yale yale kuwa lugha ya prosesa iliyopo. Kwa hiyo .jar haiguswi, kinachotofautiana ni mashine pepe, nayo sharti iwepo kwanza kwenye kompyuta ya ghalani.

Matatizo huwa yanatokea kwingine. Kama kijana ameandika ndani ya programu kwamba orodha ya wakulima iko kwenye /home/, Windows haina njia hiyo, na foleni ya magunia itafika barabarani mkimtafuta kwa simu. Au programu inahifadhi Mapokezi.csv na mapokezi.csv: Linux huyaona mafaili mawili, lakini Windows kwa kawaida huyaona moja, la pili likafuta la kwanza. Mashine pepe haimponyi mtu uzembe huo. Mwiteni aje na flashi, apime gunia moja, achapishe risiti moja. Kwenye printa ndipo mtajua.

Nimefungua programu ya duka hapa Nachingwea, ikaleta maandishi mekundu: UnsupportedClassVersionError, halafu namba 61.0 na 52.0. Virusi?

Hapana. Kila faili la baitikodi huanza na baiti nne zilezile, CAFEBABE (waliounda Java walipenda utani), na baada yake hufuata namba ya toleo. Toa 44 kwenye namba hiyo: 61 ni Java 17, 52 ni Java 8. Programu yako imetengenezwa kwa 17, kompyuta yako ina 8. Weka 17 au ya juu zaidi. Mashine pepe mpya husoma programu za zamani mara nyingi, ya zamani haisomi mpya kabisa.

Nina kafe ya intaneti Lindi mjini. Nasikia Java siku hizi ni ya kulipia. Nitakuja kudaiwa?

Inategemea umeichukua wapi. Kampuni ya Sun Microsystems iliitoa Java mwaka 1995, na Novemba 2006 ikatangaza kuufungua msimbo wake chini ya leseni huria ya GPL. Ndipo ikazaliwa OpenJDK, Java iliyo huria. Kampuni ya Oracle waliinunua Sun mwaka 2010 na wana toleo lao lenye masharti yao. Tangu 2019, masasisho mapya ya Java 8 kutoka kwao ni ya kulipia kwa matumizi ya biashara. Wengi hubofya kiungo cha kwanza wanachokiona, wakaukubali mkataba wasiousoma.

Wewe chukua Eclipse Temurin, ambayo imejengwa kwa OpenJDK na haina malipo hata dukani. Ishushe mara moja, iweke kwenye flashi, usambaze kwenye kompyuta zote. Bando halitaisha.

Mimi ni mwanafunzi, Mikindani. Android si inatumia Java? Mbona .jar haifunguki kwenye simu?

Programu za Android huweza kuandikwa kwa Java, lakini simu haina mashine pepe ya Java. Ina yake iitwayo ART, na kabla yake ilikuwa Dalvik, nazo husoma baitikodi ya aina nyingine. Kwa kuwa uko Mikindani utapenda hili: Dalvik ni jina la kijiji cha wavuvi huko Iceland.

Liwale hapa. Programu ya Java inaanza kwa kusuasua, baada ya muda inakimbia. Kompyuta ina GB 2 tu. Nifanyeje?

Kusuasua mwanzoni ni kawaida. Mashine pepe huanza kwa kutafsiri agizo moja moja huku ikihesabu sehemu zinazorudiwa sana, kisha huzigeuza hizo moja kwa moja kuwa lugha ya prosesa. Usiifunge na kuifungua kila mteja anapoingia. Iache wazi kutwa. Ikijaza memori, iwashe kwa kuandika amri java -Xmx512m -jar ikifuatiwa na jina la faili, isizidishe MB 512 za data zake. Ikikwama hapo, panda hadi 768, na ufunge kivinjari.