Alama kwenye skrini haitoshi kuamuru mizinga ifyatuliwe

Ndugu, umeuliza kama kamanda wa nchi kavu anayeviona vikosi vyake vyote kwenye ramani ya kidijitali bado anahitaji taarifa za redio. Anazihitaji sana. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, wanajeshi 35 wa Marekani waliuawa kwa silaha za wenzao, jambo lililochochea jeshi hilo kufunga mitambo ya kufuatilia magari yake kwa setilaiti, iliyotumika Iraq mwaka 2003.

Hata hivyo, alama ya buluu, yaani ya gari la upande wako kwenye ramani hiyo, huonyesha mahali gari lilipokuwa lilipotuma taarifa mara ya mwisho. Kifaru kinachokwenda kilomita 40 kwa saa, taarifa yake ikichelewa dakika 5, kitakuwa kimeshasogea zaidi ya kilomita 3. Alama nyekundu ya adui ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwekwa na askari kwa mkono na hubaki pale mpaka mtu aiondoe, ilhali adui ameshahama. Kwa hiyo, kabla ya kuamuru mizinga ifyatuliwe, kamanda aangalie saa ya taarifa, kisha athibitishe kwa redio na kikosi kilicho karibu.