Maswali yenu kuhusu Llantrisant, mji wa mlimani Wales

Juzi niliutaja mji wa Llantrisant, kusini mwa Wales, maswali yakaja kibao. Nachukua machache.

Swali: Ile sanamu ya mzee kavaa ngozi ya mbweha kichwani ni ya nani?

Huyo ndo Dk. William Price, na visa vyake haviishi. Alikuwa na wale Chartist waliodai haki ya kupiga kura, na maasi yao kwenye mji wa Newport yalipozimwa kwa risasi 1839 akakimbilia Ufaransa, wanasema kavaa nguo za kike. Akiwa na miaka 83 akapata mtoto wa kiume, akamwita Iesu Grist, yaani Yesu Kristo, we fikiria majirani walivyochukia! Januari 1884 mtoto akafariki ana miezi mitano tu, mzee akapanda naye kilimani akauchoma mwili kwa moto, watu wakaja juu, polisi wakamkamata. Kesi ikasikilizwa Cardiff na Jaji Stephen akaamua kwamba kuchoma maiti sio kosa ilimradi hujaleta kero kwa wengine, na hapo ndo njia ikafunguka mpaka Uingereza ikatunga sheria yake 1902. Price mwenyewe alikufa 1893 akachomwa hukohuko kilimani, watu kama 20,000 wakaenda kushuhudia.

Swali: Ngome bado ipo?

Kimebaki kipande cha mnara tu. Ila Mfalme Edward II alipokamatwa maeneo hayo Novemba 1326, akimkimbia mkewe Isabella, alipelekwa humo.

Swali: Eti hela za Uingereza zinatengenezwa huko?

Sarafu, ndiyo, kiwanda cha Royal Mint kiko chini ya kilima. Uingereza ilikuwa inabadili hela iende kwa mfumo wa desimali, yaani pauni moja iwe peni 100, mwaka 1971, sarafu zilitakiwa nyingi mno na kiwanda cha London kilikuwa kimebana, basi Malkia akaja kufungua hiki Desemba 1968. Na aliyezichora sarafu hizo mpya, Christopher Ironside, ndo huyohuyo aliyechora zile zetu Tanzania za 1966, senti 50 ya sungura mnaikumbuka?

Swali: Mila je?

Kila baada ya miaka saba watu wanatembea kuzunguka mpaka wa zamani wa mji, na watoto wananyanyuliwa wanagongeshwa makalio kwenye mawe ya mpaka ili wasiusahau.